Mkanda Haukujivuta

Nafula aliamka na hasira na hakuwa na nia ya kuipoza. Alifagia uwanja kwa hasira, akakamua ng'ombe kwa hasira mpaka ng'ombe mwenyewe akageuza shingo kumtazama, kisha akamtengea mumewe Wanzala chai isiyo na sukari. Wanzala, ambaye si mjinga, aliinywa yote na kusema asante. Mchana huo kikundi cha akina mama kilikuwa kikutane pale kwenye mashine ya kusaga, na jambo la kuzungumza lilikuwa moja tu: kumnyang'anya Nafula ufunguo na kumpa Tyson, mpwa wa mweka hazina. Kosa lake lilijulikana kuanzia sokoni hadi mashamba ya miwa ya ng'ambo ya mto. Nafula alikuwa amechoma mota.

"Hasira hasara, mama watoto," Wanzala alithubutu kusema akiweka kikombe chini.

"Hasara nimeshapata," Nafula akamjibu. "Niachie basi hasira yangu."

Nafula si mtu aliyeijia mashine jana. Alizaliwa Lugari, kwenye mahindi, akaolewa huku Kabras ambako mtu akikuuliza umelima nini anamaanisha miwa. Miwa haipikwi ugali. Watu wa miwa wananunua mahindi, na mahindi lazima yasagwe, kwa hiyo kikundi kilipopata mashine yake na kutafuta mtu wa kuiendesha, Nafula aliinua mkono kabla swali halijaisha. Mzee Kipyegon, aliyekuwa amesaga maisha yake yote kule Lugari, alikuja akamfundisha: namna ya kubadilisha chekeche, namna ya kujua kwa mlio kwamba kinu kimeshiba. Akamfundisha pia jambo ambalo kila msagaji wa pande hizi hulijua mapema, kuipa mashine mkono. Siku nyingine unawasha na mota inanguruma tu palepale, haizunguki. Basi unaushika ule mkanda unaounganisha mota na kinu, unauvuta kwa nguvu mara moja, na unauachia upesi kabla haujala vidole. Mota inashtuka, inashika kasi, na watu wanaendelea na maisha yao. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mashine ya stima isaidiwe na mkono wa mtu. Walilichukulia jambo hilo kama kumpigapiga mtoto mgongoni ili acheue.

Alikuwa hodari, hilo hata maadui zake hawakulikana. Unga wake ulikuwa laini, na ulimi wake ulikuwa mkali. Ukimletea mahindi mabichi alikurudisha nayo mbele ya watu wote. "Nenda ukaanike," angekwambia. "Mimi nasaga unga, sisagi uji." Watu walicheka, wakaenda wakaanika, wakarudi. Miaka ikapita hivyo, na Nafula akawa mtu wa mashine, hata watoto wa shule walipotumwa kusagisha waliambiwa waende "kwa Nafula", si kwa kikundi.

Halafu akafariki mzee Jairus, mume wa Sellah, mwenyekiti wa kikundi.

Msiba mkubwa huku si mchezo. Watu wa Mumias wangekuja, wa Lugari wangekuja, ukoo mzima ungejaa uwanjani, na aibu ya kwanza ya msiba ni mtu kurudi kwake na njaa. Magunia ya mahindi yakaletwa kwenye mashine siku moja kabla ya mwili kufika kutoka mochari. Wanawake wa kupika walijaa pale, wengine na ndoo, wengine na beseni, na Nafula akawasha. Mota ikanguruma, haikuzunguka. Akazima. Akasubiri, akawasha tena. Ikanguruma vilevile, na safari hii Nafula hakuupenda ule mlio. Ulikuwa mzito, wa ndani, si ule wa siku zote. Akazima na kuwaambia wanawake wapeleke magunia Malava mjini.

Hapo ndipo Sellah alipotokea mwenyewe. Watu walishangaa kumwona mjane sokoni wakati alipaswa kuwa amekaa nyumbani akifarijiwa, lakini Sellah hajawahi kumwamini mtu mwingine na jambo lake hata mara moja.

"Kuna nini?"

"Mama, imekataa leo. Mlio wake si mzuri."

"Imekataa ama wewe ndiye umekataa?" Sellah alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Vuta mkanda, Nafula. Si ndivyo unafanyanga kila siku? Jairus wangu hatazikwa na watu wenye njaa."

Ungefanya nini wewe? Nafula akawasha tena, akaushika mkanda, akavuta, haukutikisika vya kutosha. Sellah akaweka mkoba wake chini, akakunja mikono ya nguo yake, akasimama ubavuni mwa Nafula na kuushika mkanda naye. Wanawake wakahesabu kwa sauti, wakavuta wote wawili, na mota ikashika. Vigelegele vikapigwa. Kabla gunia la pili halijaisha, harufu ya kitu kama kitunguu kilichoungua ikajaa chumba, kisha moshi, kisha kimya. Magunia yaliyobaki yakapelekwa Malava baada ya yote hayo. Watu wa msiba walikula, wakashiba, wakamzika mzee Jairus kwa heshima.

Na Nafula akaangushiwa jumba bovu.

Ilikuwa hivi. Baada ya mazishi kikundi kilimwita Protus, fundi wa stima wa pale sokoni, mtu wa maneno mengi na bisibisi moja. Bisibisi hiyo ni testa, ile yenye taa ndogo ndani ya mpini. Ukigusa waya wenye moto wa stima, taa inawaka. Protus akawasha swichi kubwa, akabonyeza stata, kile kitufe cha kuwashia, akagusa waya wa kwanza unaoingia kwenye mota, taa ikawaka. Wa pili, ikawaka. Wa tatu, ikawaka.

"Fezi zote tatu ziko," akatangaza. "Kila waya una moto wake, stima haina makosa. Huyu mama alishindilia mahindi kupita kiasi, mota ikazidiwa. Tamaa."

Tamaa! Neno hilo lilimwingia Nafula kama mwiba wa samaki kooni. Akamgeukia Sellah, aliyekuwa amekaa pale kwenye kiti cha mwenyekiti na kitambaa cheusi kichwani, akangoja aseme. Ni neno moja tu lililohitajika. Sellah akatazama mikono yake. Nafula akafungua kinywa mwenyewe, lakini Naliaka, jirani yake muuza mandazi, akamshika kiwiko na kumnong'oneza: "Nyamaza. Utamsema mama ambaye udongo wa kaburi la mumewe haujakauka?" Kila mwanamke aliyekuwa kwenye foleni siku ile alikuwepo tena pale, na kila mmoja aligundua ghafla kwamba viatu vyake vinapendeza sana kutazamwa.

Nafula akanyamaza, na hilo ndilo lililomchoma kuliko mota. Angepiga kelele siku hiyohiyo, pengine hasira ingemtoka ikaisha. Badala yake aliimeza, na hasira iliyomezwa haikai tumboni kwa adabu. Watu wakaanza kumwita Mama Choma. Kwanza walimwita hivyo nyuma ya mgongo, halafu mbele yake, kwa kicheko cha utani ambao si utani. Mwanamke mmoja alimwambia Naliaka, Nafula akisikia, "Angalia mandazi yasikuungulie kama mota ya watu." Naliaka mwenyewe akacheka kidogo! Huyo Naliaka aliyekuwa akihesabu kwa sauti wakati mkanda unavutwa! Nafula alirudi nyumbani na kupasua kuni za wiki nzima.

Kikundi kilipata mota nyingine iliyokwisha kutumika mahali pengine, Protus akaja akaifunga. Ndipo mkutano ukaitwa: mashine iwashwe, ufunguo ukabidhiwe Tyson, yaishe. Nafula alimpigia simu Muhonja.

Muhonja ameolewa na Were, mdogo wake Wanzala, na kazi yake ni mota. Alisomea stima kwenye chuo cha ufundi, na sasa yuko kwenye kiwanda kimoja cha sukari ambako mota zilizopo ni kubwa kuliko chumba chako cha kulala. Ni mwanamke mfupi, asiyecheka ovyo. Mchana huo wa mkutano, Wanzala alipomwona anashuka kwenye bodaboda na mkoba wa vyombo alifurahi sana. "Mulamwa amefika, shemeji yangu," akamwambia mkewe, "sasa atakutetea."

"Mimi sikuja kumtetea mtu," Muhonja alisema. "Nimekuja kuangalia waya. Waya hauna shemeji."

Nafula akamkasirikia hata yeye. Lakini alimfuata.

Wanawake walikuwa wameshakaa kwenye benchi za kanisa zilizoletwa uwanjani, Sellah mbele yao na kitambaa chake cheusi. Tyson alisimama mlangoni mwa mashine, kijana wa watu, amevaa ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani. Muhonja akawaamkia, akaomba ruhusa ya kupima kabla mota haijawashwa. Protus akacheka.

"Dada, mimi nimepima. Hata sasa naweza kupima mbele ya watu."

"Pima," Muhonja akasema.

Protus akawasha swichi kubwa, akabonyeza stata mota ingurume kidogo, akagusa waya zote tatu. Taa ikawaka mara tatu. Wanawake wa benchi ya mbele wakapiga makofi, na Nafula, aliyesimama peke yake karibu na ukuta, akauegemea. Akawaza kwamba amejiletea aibu ya pili kwa nauli aliyomtumia Muhonja.

Muhonja hakubishana. Akatoa mita yake yenye waya mbili, nyekundu na nyeusi, akamwomba Protus abonyeze tena. Hakugusa waya mmoja mmoja. Aligusa mbili kwa pamoja: wa kwanza na wa pili, halafu wa kwanza na wa tatu, halafu wa pili na wa tatu. Akamwonyesha Protus namba kwenye kioo kila mara, kisha akasema zima, na Protus akazima. Hakuwa anacheka tena.

"Kati ya wa kwanza na wa pili kuna volti mia nne na zaidi, inavyotakiwa," Muhonja aliwaeleza akina mama. "Lakini kila nikiugusa wa tatu na mwenzake, napata nusu. Zote zinapaswa kuwa sawa."

"Na taa iliwakaje?" mweka hazina akauliza kwa ukali. "Sisi wote tumeiona."

"Iliwaka kwa moto wa kuazima. Moto umeingia kwenye mota kwa waya mbili zilizo hai, ukapita kwenye koili, zile nyaya zilizozungushwa ndani yake, ukarudi nje kwa waya uliokufa. Hiyo bisibisi inajua moto upo. Haijui umetoka wapi."

Akaizima swichi kubwa, akahakikisha kwa mita kwamba hakuna moto, akafungua kifuniko cha mota na kuzitoa waya zote tatu, akazitenganisha zisigusane. Akamrudisha kila mtu nyuma, akawasha. "Fundi, pima tena na testa yako."

Protus akagusa wa kwanza, taa ikawaka. Wa pili, ikawaka. Akagusa wa tatu, taa ikawa giza. Akaipangusa bisibisi kwenye suruali na kugusa tena. Giza.

Muhonja akazima, akachomoa fyuzi za swichi kubwa moja baada ya nyingine. Fyuzi zenyewe zilikuwa nzima, lakini kwenye kishikio kilichochomoka na fyuzi ya tatu, shaba ilikuwa imeungua ikawa nyeusi, imejaa unga ulioganda, haikushika kitu. Ikikaa sawa leo inapitisha moto, kesho haipitishi. Akakizungusha mkononi mbele ya benchi ya kwanza ili kila mtu akione. Halafu akaenda kona ambako ile mota ya zamani ilikuwa imetupwa, kifuniko wazi, akaivuta hadi mwangani.

"Njooni muone. Msiogope, hii imeshakufa."

Waliinuka wakaja. Ndani kulikuwa na pete ya koili za shaba, na hakuna aliyehitaji kusoma chuo ili aione: fungu jeusi kama mkaa, halafu mafungu mawili yenye rangi yake, halafu jeusi tena, kuizunguka pete yote kwa mpangilio.

"Mtu akishindilia mahindi," Muhonja akasema, "mota inaungua yote, nyeusi kila mahali. Hii imeungua fungu moja katika kila matatu. Ilikuwa inafanya kazi kwa fezi mbili. Waya hizi ni kama mafiga. Ukiondoa figa moja, sufuria inaegemea wapi?"

"Jifya moja haliinjiki chungu," bibi mmoja akaitikia kwa mazoea, na watu wakaguna kukubali.

Basi ilikuwa fyuzi! Mambo yakageuka kwa kasi ya kutisha. Waliokuwa wakimwita Mama Choma walianza kumpa pole, "Pole, mama, pole sana," kana kwamba aliyemchoma ni mdudu fulani asiyejulikana aliyepita usiku. Naliaka akaja kumshika mkono. Hata mweka hazina alisema alikuwa na wasiwasi tangu zamani. Lawama zote zikamwangukia Protus, aliyekuwa akifunga na kufungua kifuniko cha swichi bila sababu, na mtu mmoja akakumbuka kwamba ni Protus huyohuyo aliyekiruka, kwa kuunganisha waya moja kwa moja, kile kifaa cha kwenye stata ambacho huizima mota ikizidiwa, akisema kinasumbua. Kweli alikiruka. Lakini ni wao waliomshangilia siku hiyo, Nafula akiwa mmoja wao, kwa sababu mashine iliacha kuzimika katikati ya kusaga.

Sellah alisimama. Uso wake ulikuwa na nafuu, na Nafula aliiona nafuu hiyo kabla hata hajasikia neno. "Mungu ametuonyesha," Sellah akasema. "Ilikuwa ni fyuzi, haikuwa mtu. Nafula, njoo uchukue ufunguo wako, mama. Tuombe, tufunge mkutano."

Ufunguo ulikuwa mezani. Ni hatua chache tu. Kazi yake, foleni yake, unga wake laini, vyote vilikuwa pale vinamngoja, na watu wote walikuwa wanamwomba kwa macho achukue, ili waende nyumbani wakapike. Nafula alijikuta ameshaanza kutembea. Huenda angeuchukua. Binadamu huchoka.

"Bado," Muhonja akasema.

Wote wakamgeukia, na wengine hawakuficha kuudhika.

"Fyuzi haikuchoma mota. Mota ikiwa na fezi mbili haianzi. Inanguruma tu, unazima, haiungui. Ngoja niwaonyeshe."

Akarudisha fyuzi ile na kishikio chake kibovu mahali pake vilevile, akaziunga waya kwenye mota, akakagua kinu kiwe kitupu, akawasha. Mota ikanguruma palepale. Ule mlio mzito, wa ndani, Nafula aliujua. Na kutoka kwenye benchi, bila mtu kufikiri, bila mtu kuongoza, sauti za wanawake zikatoka kwa pamoja kama zinavyotoka kila siku ya foleni:

"Vuta mkanda!"

Tyson alikuwa ameshaufikia. "Hii ni kitu rahisi, mathe," akasema, "inadai tu kusaidiwa kidogo." Akavuta, akaachia. Mota ikashtuka, ikashika kasi, ikazunguka vizuri kabisa, na vigelegele viwili vitatu vikatoka kabla wenyewe hawajajua wanashangilia nini.

Muhonja aliiacha izunguke kidogo bila mahindi, akazima.

"Hivyo," akasema. "Hivyo ndivyo mota inauawa. Inakwambia siwezi, nawe unailazimisha. Inakimbia kwa fezi mbili, fungu moja la koili linabeba mzigo wa wenzake, unaiwekea mahindi, inaungua. Siku ile, nani alivuta mkanda?"

Mahali fulani barabarani trekta la miwa lilipita likinguruma, na wote walilisikiliza kwa bidii kubwa.

"Mimi," Nafula akasema. "Ni mimi nilivuta."

Muhonja akamtazama bila huruma. "Basi na wewe una makosa. Ulisikia mlio."

"Niliusikia! Nikazima. Nikawasha tena, nikausikia, nikazima. Nikawaambia pelekeni Malava. Wako hapa wote, waulize! Naliaka, nilisema sikusema?" Sauti yake ilikuwa imepanda na hakujali. "Mkanda haukujivuta, na mimi sikuuvuta peke yangu."

"Nafula," Naliaka akasema kwa sauti ya kubembeleza, "mwache mama. Si umesharudishiwa ufunguo?"

"Nani amekuambia nilikuja kutafuta ufunguo?" Nafula alimgeukia na Naliaka akarudi nyuma hatua nzima. "Mmeniita Mama Choma mpaka mtoto wangu akaitwa Choma shuleni. Mmesema nina tamaa. Wewe ulihesabu, Naliaka! Moja, mbili, tatu, vuta! Sauti yako ninaisikia mpaka leo. Halafu umekaa unauza mandazi na kunicheka. Ninyi nyote mmekula huo unga. Mmekula mkashiba kwa jasho langu, mkapangusa midomo, mkanitupa. Sasa mnataka tuombe?"

Hakumtaja Sellah. Hakuhitaji. Alisimama tu akimtazama, na benchi zote zikageuka kutazama alikokuwa anatazama yeye. Sellah alikaa kitini tena polepole. Akakunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake.

"Nilishika mkanda," akasema hatimaye, chini, kwa sauti iliyowafikia wa benchi ya kwanza peke yao. "Alikataa, nikamlazimisha. Nilivuta na mikono yangu."

"Na mbona hukusema?" Nafula akauliza.

"Ningesema nini?" Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na yalikuwa ya kweli, hilo lisipingwe. "Mjane ametoka nyumbani kuja sokoni kuvuta mkanda. Wangesema matanga ya Jairus yamekula mashine ya akina mama. Kila wakipita kwenye kaburi lake wangesema huyu ndiye aliyeondoka na mashine yetu. Alikuwa mtu mzuri, Nafula. Unamjua. Sikutaka jina lake lishikwe na watu."

Wanawake kadhaa wakaanza kulia pamoja naye. Bibi wa jifya akasema pole, pole mama. Nafula alihisi ile huruma inamsogelea yeye pia, inamvuta, kwa maana mzee Jairus kweli alikuwa mtu mzuri. Alikuwa akimletea miwa ya kutafuna pale kwenye mashine na kumtania kuhusu ugali wa Lugari. Aliihisi, akaisukuma mbali kwa nguvu zake zote.

"Kwa hiyo ukaona jina la marehemu lisiguswe," akasema, "heri liliwe langu ambalo bado liko hai."

Sellah akapangusa machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Sawa. Sasa simama, mama." Nafula alisema mama, kwa heshima yote, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa neno hilo. "Umesema kwa watu wa mbele. Kule nyuma hawajasikia. Na wale waliosimama barabarani hawajasikia, na hao ndio wanaoniita Choma. Sema tena."

"Nafula, tafadhali," mtu akasema.

"Sema tena!"

Sellah akasimama, akishika meza. Akakivua kile kitambaa cheusi, akakiweka karibu na ufunguo, akavuta pumzi. Akasema tena, kwa sauti ile anayoitumia kuwaita wajukuu kutoka ng'ambo ya shamba: kwamba Nafula alikataa, kwamba yeye ndiye aliyemlazimisha, kwamba mkono wake ulikuwa kwenye mkanda, kwamba alikaa kwenye kiti hiki akamwacha mwenzake abebe lawama. Katikati sauti ikamkatika na ikabidi aanze upya. Nafula alisimama palepale alipokuwa akamsikiliza mpaka mwisho, na hakumsaidia hata kwa neno moja.